Muthurwa na Haki ya Makazi: Nani Atangulie?

Mtaa wa Muthurwa ulijengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Mwaka 2010 wapangaji waliamriwa kuhama, nao wakaenda mahakamani. Tarehe 30 Agosti 2013 Jaji Isaac Lenaola aliamua kwamba haki zao chini ya Kifungu cha 43 cha Katiba zilikuwa zimekiukwa. Kifungu hicho hakiishii kwenye nyumba; kinadai pia viwango vya kuridhisha vya usafi. Wanaisimu wenzangu wataelewa kwa nini ninapendelea neno makazi: ndani yake mna maji, choo, na nafasi ya mtoto kulala mbali na jiko.

Leo anayetaka nyumba ya serikali ya bei nafuu hujisajili katika mfumo wa Boma Yangu na kuweka akiba ya amana. Hapo ndipo ninapotofautiana na wahusika. Amana hupima mfuko, haipimi choo kilichofurika. Fomu na iulize kwanza: chumba kimoja kinalaza wangapi? Choo kinatumiwa na familia ngapi? Mwenye hali mbaya zaidi atangulie, hata kama amana yake haijatimia. Watasema waombaji watadanganya. Basi afisa na aende akajionee. Kutoka katikati ya jiji hadi Muthurwa hahitaji hata nauli.