Chombo na Mtandao Wake

Siku hizi vyombo vingi vya nyumbani hutiwa laini ya simu vipate kupeleka habari vyenyewe: king'ora cha wezi, mita ya maji, kifaa wavaacho wazee shingoni cha kuitia msaada. Twaona watu wachunguza bei ya chombo, wasiulize mtandao unaokibeba utaishi hadi lini.

Huko Marekani, tarehe 22 Februari 2022, kampuni ya AT&T ilianza kuzima mtandao wake wa 3G. Vyombo vilivyoutegemea, visivyobadilishwa mapema, vikawa bubu ingawa vyenyewe vilikuwa vizima.

Basi, enyi vijana mnaowanunulia wazee wenu, ulizeni kwanza. Je, mtandao washika ndani ya chumba chenyewe? Utadumu miaka mingapi? Laini yaweza kuhamishiwa kampuni nyingine? Ukizimwa, chombo kitabadilishwa kwa gharama ya nani?

Kisha majibu yaandikwe. Suratul Baqara, aya ya 282, imetuagiza kuandika deni la muda. Na huduma iliyolipiwa mbele ni deni juu ya muuzaji. Mzee abonyezaye kitufe usiku wa manane ni amana yetu sote.