Kuigiza kipindupindu wanatuita, kutusomesha hapana

Jamaa mliokimbia makwenu, mlio Goma, Minova, Uvira, Beni na kwingineko, leo habari si ya risasi. Ni ya vijana wetu wanaoigiza. Kila mmoja wenu amewaona. Gari la shirika linafika, spika zinashushwa, vijana watatu wanavaa vitenge vya mama na kofia ya chifu, na kwa dakika 15 wanatuonyesha namna ya kunawa mikono, namna ya kumkimbiza mgonjwa wa kuhara hospitali, namna ya kumshitaki mbakaji. Watu wanacheka, watoto wanapiga makofi, mtu wa shirika anapiga picha. Jioni kijana anapewa pesa ya usafiri. Kesho anaitwa tena, kwa ugonjwa mwingine.

Kazi hiyo siikatai. Kipindupindu kinaua, na mtu hukumbuka mchezo kuliko karatasi iliyobandikwa ukutani. Ninachokataa ni hiki: kijana huyo huyo akisema anataka kwenda ng'ambo kusomea uigizaji, katika shule wanakofundisha michezo mikubwa ya zamani, ile ya Racine wa Ufaransa au Shakespeare wa Uingereza, sote tunamcheka. Baba anasema, nenda ukasome udaktari. Shirika linasema, hatuna mradi wa aina hiyo. Mchungaji anasema, hiyo ni anasa wakati wa vita. Basi tujibu maneno yao moja moja.

La kwanza: eti kuigiza ni kipaji, hakuna haja ya shule. Uongo. Katika shule hizo mwanafunzi hukaa miaka 3 hivi. Anafundishwa kupumua, ili sauti ifike kwa mtu wa mstari wa mwisho bila mikrofoni na bila kupasua koo. Anafundishwa kubeba maneno mazito: mstari wa Racine una silabi 12, na ukikata pumzi mahali pasipofaa maana yote inakufa. Anafundishwa mwili, namna ya kusimama kimya na bado watu wakamtazama. Na anafundishwa jambo ambalo huku kwetu hakuna anayelitaja: namna ya kuingia ndani ya mtu mwingine, na namna ya kutoka.

Hapo ndipo penye hatari. Binti aliyekimbia vita anaombwa kuigiza mwanamke aliyebakwa, mara mbili kwa siku, mbele ya wanawake waliobakwa kweli. Nani amemfundisha kutoka katika machozi hayo jioni? Hakuna. Tunamtuma mtoto kisimani bila kamba, halafu tunashangaa akikosa usingizi. Muuguzi hachomi sindano bila kusoma. Mbona huyu anaguswa kidonda cha watu, na chake mwenyewe, bila kufundishwa?

La pili: eti michezo ya zamani ni ya wazungu, haituhusu. Mwaka 2009 Faustin Linyekula, mtu wa Kisangani, aliongoza mchezo wa Racine uitwao Bérénice katika Comédie-Française, nyumba kongwe ya tamthilia ya Paris. Mwaka 2013 Marc Zinga, mzaliwa wa Likasi, aliigiza Lumumba huko Villeurbanne, Ufaransa, katika mchezo alioandika Aimé Césaire. Lumumba wetu alisimama jukwaani kwa sababu Mkongomani alikuwa amejifunza kumbeba. Na jirani zetu? Mwalimu Nyerere, akiwa rais wa nchi iliyotoka tu kupata uhuru, alikaa chini akatafsiri Shakespeare kwa Kiswahili, kwa sababu aliona lugha hii inaweza kubeba mzigo wowote.

Tena, nani alisema sisi hatuna mchezo mkubwa wa zamani? Wanyanga wa Walikale wana Mwindo. Mwaka 1956 mzee Rureke alisimulia, akaimba na kucheza habari za Mwindo siku 12, huku Daniel Biebuyck na wenzake wakiandika. Mwaka 1969 kazi hiyo ikatoka kama kitabu, kwa Kiingereza, huko Marekani. Kitabu kiko katika maktaba za vyuo vya mbali. Na mtoto wa Walikale aliyelala chini ya shitingi, je, amewahi kumwona Mwindo jukwaani? Siku akitokea kijana aliyezoea kubeba maneno ya Racine saa mbili nzima, huyo ndiye atakayekuwa na nguvu za kumbeba Mwindo. Anayejifunza kuchonga mbao za watu atarudi achonge mti wa kwao.

La tatu, ambalo wazazi wanalirudia sana: akienda harudi. Nawaelewa. Wengi wameenda na hawakurudi. Lakini Linyekula alirudi, na leo Studios Kabako aliyoianzisha iko Kisangani. Mwindo mwenyewe alishuka hadi kuzimu, na bado akarudi Tubondo. Swali la kweli si kama kijana atarudi. Ni kama tumemwekea mahali pa kurudia. Akirudi akakuta kazi pekee ni ile ya dakika 15 na pesa ya usafiri, tutamlaumu kwa nini akipanda ndege tena?

La nne: eti kwanza unga, tamthilia baadaye. Njaa naijua, sitaidharau. Lakini angalieni nani anapata faida tunapongoja. Mei 2015, mjini Bukavu, Mswisi Milo Rau aliitisha Mahakama ya Kongo, mchezo ambamo watu wa kweli walitoa ushahidi juu ya mauaji na migodi. Mwezi uliofuata ukaendelea Berlin. Ilikuwa kazi ya maana, na viongozi wengi wa kwetu hawakuthubutu kufanya nusu yake. Lakini tuliona mgawanyo: mashahidi ni sisi, wafu ni wetu, ufundi umetoka mbali. Hadi lini sisi tutaleta maumivu tu, na wengine walete ujuzi wa kuyasimulia? Asiyejua kusimulia habari yake atasimuliwa, na msimulizi ndiye anayechagua wapi paanzie na wapi paishie.

Basi nadai mambo haya.

Mashirika: kila mnapopanga bajeti ya michezo ya uhamasishaji, tengeni fungu la kuwasomesha wanaoigiza. Lipeni mafunzo ya sauti na ya kutunza roho, papa hapa. Na walau kijana mmoja kwa mwaka, lipeni safari yake ya shule. Gharama ya mabango yenu tunaiona barabarani.

Serikali: kuna Institut National des Arts, lakini iko Kinshasa. Kwa kijana wa Kivu, Kinshasa nayo ni ng'ambo. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025, na viza za Ulaya huombwa mbali. Leteni walimu mashariki, hata kwa miezi michache, wawatayarishe vijana kwa mitihani ya kuingia.

Wazazi: mtoto anayekariri maneno usiku kucha si mvivu. Anafanya kazi. Mpeni kimya na mshumaa.

Na ninyi vijana: msingoje gari la shirika. Shule kubwa za London huomba mara nyingi usemi mmoja wa Shakespeare au wa wakati wake, na mwingine wa mchezo wa siku hizi. Shule kuu ya Paris imezoea kudai kipande chenye mistari ile ya silabi 12. Shule nyingi sasa hupokea kwanza video, hata ya simu. Kwa hiyo someni, karirini, jirekodini, mkosoane bila huruma. Atakayekuja kuwapima hatauliza mlikimbia kutoka kijiji gani. Atauliza kama mnajua kazi.

Tumewazoeza watoto wetu kuigiza namna ya kunawa mikono. Mikono yao ni safi tayari. Sasa wapeni kitu cha kushika.