Vantilatere ina sauti, tuisikilize

“Inachemka tu.” Hayo ndiyo maneno ambayo wengi wetu humpelekea fundi kompyuta inapozima katikati ya kazi. Fundi anaweka programu ya kuendesha vantilatere, anapokea dola zake, na baada ya wiki mashine inazima tena. Tatizo linaanzia kwenye maelezo aliyopewa.

Sisi tunaozoezwa kuandika sauti kama inavyosikika tungeweza kumsaidia zaidi. Mashine ikiwa moto na vantilatere iko kimya, basi imekwama au haipati amri. Ikinguruma na joto halipungui, mara nyingi vumbi limeziba matundu ya hewa, au ile dawa ya kupitisha joto inayopakwa juu ya prosesa imekauka. Ikinguruma wakati hatufanyi kazi yoyote, itafutwe programu inayoendelea kufanya kazi bila sisi kuiona.

Programu ya kuendesha vantilatere haiondoi vumbi. Tena, kwa kawaida vantilatere huamriwa na chipu ndogo iliyo ndani ya kompyuta. Programu ya nje ikishindana nayo, kasi hupanda na kushuka ovyo, au vantilatere husimama huku joto likiongezeka. Prosesa nyingi hujipunguzia mwendo zikikaribia nyuzi 100, na joto likizidi mashine hujizima ili isiungue.

Kwetu hasara haiishii kwenye mashine. Tunafungua Praat na ELAN kwa saa nyingi, tukichambua rekodi za Kihemba, Kilega au Mashi. Umeme ukikatika ghafla ndani ya mashine wakati faili linahifadhiwa, faili hilo linaweza kuharibika. Na mzee aliyetusimulia huenda tusimkute tena tukirudi kijijini.

Kwa hiyo napendekeza somo la utafiti wa uwanjani litenge saa mbili za kutunza kompyuta: kusoma kipimo cha joto, kusafisha matundu, kutoiweka mashine juu ya kitanda, na kunakili rekodi mahali pawili kila jioni. Wapo watakaosema hiyo ni kazi ya wahandisi. Lakini mwalimu anapotudai tukague betri za kinasa sauti kabla ya kuondoka, hakuna anayelalamika. Rekodi ikishatoka kwenye kinasa sauti inakaa ndani ya kompyuta, nayo inastahili kukaguliwa vilevile.