Neno kwa Watu wa Nyumbani: Wachoraji wa Jamaa Moja

Katika kitabu cha Kutoka twasoma habari za Bezaleli wa kabila la Yuda, fundi wa Hema. Watu wengi wakumbuka kwamba Mungu alimpa akili ya kufanya kazi za dhahabu, za mawe na za miti. Wachache wakumbuka neno lililoongezwa, ya kuwa yeye na mwenziwe Oholiabu walitiwa pia moyo wa kufundisha wengine. Kipawa hakikuja peke yake. Kilikuja pamoja na wajibu wa kukipitisha mbele. Mwezi huu twataka kulitazama jambo hili katika jamaa moja ya nchi yetu.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru. Wazazi wake walikuwa wakulima. Baba Mwislamu, mama Mkristo. Alipokuwa kijana aliondoka kwao kutafuta kazi, akafika mashamba ya mkonge ya Tanga, kisha Dar es Salaam, akawa mtumishi katika nyumba ya Mzungu. Hakupita katika chuo cha uchoraji. Mnamo mwaka 1968, umri wake umekwisha kupita miaka 35, ndipo alipoanza kuchora picha za kuuza.

Vifaa vyake havikuwa vya fahari. Alitwaa vibao ambavyo mafundi wa nyumba huviweka darini, na rangi ambazo watu hupaka baiskeli. Kwanza aliupaka ubao rangi ya chini, akauacha ukauke. Kisha akachora mnyama, labda tembo, labda chui, mkubwa hata kuujaza ubao, akamtia madoa na mistari. Picha hizo ziliuzwa nje ya duka lililoitwa Morogoro Stores, huko Oyster Bay, na wageni wakazipenda.

Basi hapa ndipo penye fundisho. Mtu aliyepata njia ya riziki mjini hushawishika kuificha, asije mwingine akampunguzia wanunuzi. Tingatinga hakufanya hivyo. Aliwapokea ndugu na jamaa, akawafundisha: Simon Mpata, Kasper Tedo, January Linda, Adeusi Mandu na Ajaba Abdallah Mtalia. Hakuwapa vitabu, maana hakuwa navyo. Walijifunza kwa kumtazama na kwa kutenda, kama mtoto ajifunzavyo kulima nyuma ya jembe la babaye.

Mwaka 1972 polisi walimdhania kuwa mhalifu, wakampiga risasi, akafa. Alikuwa amechora kwa muda wa miaka minne hivi. Mkewe, Agatha, akaachwa mjane na watoto wawili wadogo. Kwa hesabu ya wanadamu kazi ile ingalizikwa pamoja na mwenyewe. Haikuzikwa, kwa kuwa ilikuwa imekwisha kukaa katika mikono mingine. Wanafunzi wake waliendelea kuchora na kufundisha. Mwaka 1977 wachoraji wakaungana katika shirika lao, na mwaka 1990 likawa chama cha ushirika. Simon Mpata aliipeleka kazi hiyo hata Kenya. Mwanawe Tingatinga, Daudi, aliyefiwa na baba angali mtoto mchanga, alipokua naye akashika brashi. Hivi leo jina la ukoo ule limekuwa jina la uchoraji wenyewe, na wauchorao ni wengi kuliko jamaa ile.

Wazazi wenzetu wa Singida, na tujipime kwa habari hii. Katika vijiji vyetu wako akina mama wajuao kufinyanga chungu kisichopasuka motoni, na wazee wajuao kuchonga kinu na kusuka lindo la nafaka. Wangapi kati yao wamemwita kijana akae karibu atazame? Mara nyingi twasema vijana wa siku hizi hawataki kujifunza. Lakini yafaa tuulize pia kama wamepata kuitwa. Mzee akifa bila kufundisha, twazika watu wawili, yeye na fundi ambaye angalitokea baada yake.

Tena yuko mtoto achoraye ng'ombe ukutani kwa kipande cha mkaa. Ni kweli, ukuta uliopakwa juzi si mahali pake, naye apaswa kuonywa. Lakini baada ya kumwonya, mpeni kipande cha ubao. Nanyi walimu, mkimwona mwanafunzi ajazaye wanyama pembeni mwa daftari, msimpigie kelele tu. Mwambieni achore ramani ya somo kwa ajili ya darasa zima.

Yule mtumwa aliyeichimbia talanta yake ardhini hakuiba kitu wala hakupoteza kitu, hata hivyo bwana wake alimhukumu. Basi mwezi huu kila mwenye kujua kazi moja na amtafute mmoja wa nyumbani mwake, mvulana kwa msichana, aanze kumfundisha. Wala asingoje hata awe mzee. Tingatinga hakupewa uzee.