Anayeacha nyama Tinde asiuze maziwa yote

TINDE ni mji mdogo, lakini ni njia panda kubwa. Barabara itokayo Nzega hugawanyika hapo: moja inakwenda Shinyanga hadi Mwanza, nyingine inashika Isaka na Kahama hadi mpaka wa Rwanda pale Rusumo. Malori husimama, abiria hushuka, na majiko ya nyama choma hayakosi wateja. Mgeni anayepita anaweza kudhani kwamba kwa Wasukuma, wenye sifa ya kufuga ng'ombe wengi, nyama huliwa kila siku.

Ukweli ni tofauti. Katika kaya nyingi za vijijini huko, chakula cha kila siku ni ugali wa mahindi au wa mtama kwa mlenda, nsansa, kunde au choroko. Asubuhi ni viazi vitamu, na kiangazi kikiingia ni michembe na matobolwa. Ng'ombe ni benki. Huchinjwa kwenye harusi au msiba, na huuzwa mnadani pale mtoto anapokwenda chuo au mgonjwa anapolazwa.

Kwa maana hiyo, suala la kuishi bila nyama si geni kwa Usukuma. Kilicho kipya ni watu kuliamua kwa hiari. Wapo waumini wa Kanisa la Waadventista Wasabato, ambalo huwahimiza watu wake kula vyakula vya mimea bila kuwalazimisha. Wapo walioambiwa na daktari wapunguze nyama nyekundu kwa sababu ya shinikizo la damu au gauti. Wapo pia vijana waliosoma, wanaosema hawaoni sababu ya mnyama kufa ili wao washibe.

Watu hawa wote hufika mahali njia inapogawanyika, kama barabara ya Tinde. Njia ya kwanza ni kuacha nyama na samaki lakini kuendelea na maziwa na mayai. Huyo ndiye anayeitwa vejiteriani. Njia ya pili ni kuacha kila kinachotokana na mnyama, yaani maziwa, samli, mayai na hata asali. Huyo huitwa vegani.

Mgawanyiko huo una historia. Chama cha walaji mboga cha Uingereza kiliundwa mwaka 1847. Karibu miaka mia moja baadaye, Novemba 1944, kundi dogo likiongozwa na Donald Watson lilijitenga na kuanzisha chama chake, kwa hoja kwamba anayekunywa maziwa bado anamtumikisha ng'ombe. Miaka minne baadaye, mwaka 1948, wanasayansi walifanikiwa kuitenga vitamini B12, ambayo mwili huihitaji kutengeneza damu na kulinda mishipa ya fahamu. Ikabainika kwamba mimea haina vitamini hiyo kwa kiwango cha kutegemewa. Leo chama hicho cha mavegani chenyewe huwaambia wanachama wake wale vyakula vilivyoongezwa B12 au wameze vidonge.

Hapo ndipo mwananchi wa Tinde anapopaswa kutulia na kupima.

Hoja ya ndama

Hoja kubwa ya vegani ni ya haki. Katika mashamba makubwa ya maziwa ya Ulaya na Marekani, ndama hutenganishwa na mama yake muda mfupi baada ya kuzaliwa, na ndama dume, kwa kuwa hatoi maziwa, huwa mzigo wa kuondolewa mapema. Anayekunywa maziwa hayo, wanasema, anashiriki kumchinja ndama hata kama hagusi nyama.

Hoja hiyo ina uzito huko ilikozaliwa. Lakini ikisafirishwa hadi Usukuma inabidi ipimwe upya. Ng'ombe wa asili hukamuliwa ndama akiwa pembeni, na mara nyingi bila ndama kunyonya kwanza maziwa hayashuki. Ndama dume naye ana kazi inayomsubiri. Akikua huhasiwa na kuwa maksai, akavuta plau na mkokoteni kwa miaka.

Tena jambo hili linamgusa vegani mwenyewe. Mtama, dengu na choroko zitokazo mashamba ya Shinyanga kwa sehemu kubwa hulimwa kwa plau la ng'ombe, na bustani nyingi za mchicha hurutubishwa kwa samadi. Sahani isiyo na tone la maziwa bado imepita kwenye shingo ya maksai. Mtu wa Tinde anayedai chakula chake hakikumtumikisha mnyama ana deni la maelezo.

Hata hivyo, mnywaji wa maziwa naye asijipe usafi asio nao. Ng'ombe hatoi maziwa bila kuzaa, na si kila dume hupata plau. Wengine, pamoja na majike waliozeeka, huishia mnadani na kutoka hapo kwenda buchani. Anayekunywa maziwa na kukataa nyama amepunguza vifo, lakini hajaviondoa. Ni vyema akakubali hivyo, kisha achague kwa macho wazi.

Hoja ya mwili

Upande wa afya, mlo wa mimea una ushahidi mzuri. Utafiti uliosajili Waadventista takribani 96,000 wa Marekani na Kanada kuanzia mwaka 2002 ulionyesha kwamba walaji mboga kwa jumla walikuwa na vifo vichache katika kipindi cha ufuatiliaji kuliko wala nyama. Wahubiri wa lishe hupenda kuutaja.

Kinachosahaulika ni mazingira ya watu hao. Vegani wa California hununua maziwa ya soya na nafaka za kifungua kinywa vilivyoongezwa B12, na kidonge hukipata duka la jirani. Tanzania nayo iliweka kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga na mafuta ya kula mwaka 2011, lakini walengwa wakuu ni viwanda. Mwanakijiji anayepeleka debe lake la mahindi kwenye mashine ya kusaga ya kijijini hurudi na unga uleule wa shambani kwake.

Kwake yeye maziwa ndiyo yanayoziba pengo. Kikombe kimoja cha robo lita kina karibu nusu ya B12 anayohitaji mtu mzima kwa siku, na kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu kinatosha. Yai moja huongeza kidogo. Mchicha, mlenda na karanga, pamoja na uzuri wake wote, haviwezi kufanya kazi hiyo.

Hatari yenyewe huja kimyakimya. Mtu mzima aliyekuwa akila nyama huwa na akiba ya B12 kwenye ini inayoweza kumchukua miaka, hivyo hujiona mzima na kuamini amefanikiwa. Ganzi ya miguu, uchovu na upungufu wa damu huja baadaye. Mtoto mchanga hana akiba hiyo kubwa. Kama mama hapati B12, mtoto anayenyonya naye haipati, na madhara kwenye ubongo unaokua yanaweza yasirekebishike yote.

Taifa halina nafasi ya kuchezea jambo hili. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Kudumaa kuna sababu nyingi, lakini mlo wa aina moja usio na chakula chochote kitokanacho na mnyama ni mmojawapo.

Mfano mwingine hauko mbali. Familia nyingi za Wahindi wafanyabiashara wa Mwanza na Shinyanga hazili nyama kwa imani, na baadhi hazili hata mayai. Lakini maziwa, mtindi na samli havikosekani mezani, pamoja na dengu za aina zote. Ni desturi ya vizazi vingi, nayo haikuyaacha maziwa.

Vegani wa kulazimishwa

Liko jambo zito zaidi ya mjadala wa wenye hiari. Kahama na Geita ni miji ya dhahabu. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza mwaka 2000, na Bulyanhulu uko wilayani Kahama, mbali ya wachimbaji wadogo waliotapakaa. Wachimbaji wana fedha na hupenda nyama, maziwa na mayai. Kila asubuhi madumu ya maziwa na trei za mayai hupakiwa kwenye baiskeli na pikipiki kuelekea kwa wateja.

Biashara hiyo ni njema. Tatizo huja pale dumu linapoondoka na tone la mwisho. Kaya inayouza maziwa yote na mayai yote, ikabaki na ugali na mlenda, imekuwa kaya ya mavegani bila kikao chochote. Hakuna aliyeamua kwa dhamiri wala kwa ushauri wa daktari, na hakuna aliyenunua kidonge. Fedha iliyopatikana imekwenda kwenye sabuni, sukari na vocha, na mtoto wa mwenye ng'ombe hana kikombe cha maziwa.

Chukua mfano wa kaya yenye ng'ombe watatu wanaokamuliwa, kila mmoja akitoa lita moja tu kwa siku. Ikiuza lita mbili na kubakiza moja, inapata vikombe vinne vya robo lita. Watoto wawili, mama mjamzito na bibi wameshakunywa, na theluthi mbili ya mapato ipo pale pale. Kwa kuku ni vivyo hivyo. Kuku wa kienyeji akitaga mayai 10 hadi 15, aachiwe ya kuatamia, machache yaende kwa watoto, na yatakayobaki ndiyo yauzwe.

Kwa aliyekosa nyama kwa sababu ya umaskini, dagaa wa Ziwa Victoria ni jibu jingine la bei nafuu. Kwa aliyeacha nyama na samaki kwa hiari, maziwa na mayai ndiyo yaliyobaki.

Njia ya kushika

Kwa hali ya Tinde ya leo, anayetaka kuacha nyama ashike njia ya maziwa na mayai. Njia ya vegani ibaki kwa mtu mzima mwenye kipato, anayeweza kupata vidonge vya B12 katika maduka ya dawa ya mjini bila kukosa, na anayepima damu yake. Isiwe ya mtoto, mjamzito wala mama anayenyonyesha, isipokuwa kwa usimamizi wa karibu wa mtaalamu.

Maziwa nayo yana masharti. Yachemshwe kabla ya kunywewa au kugandishwa, kwa sababu kuganda peke yake hakuui vimelea vya ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe, ambao huambukiza binadamu. Mtoto chini ya miezi sita apewe maziwa ya mama pekee. Na kwa kuwa maziwa hayana madini ya chuma ya kutosha, kunde na mboga za majani ziliwe pamoja na limau, embe au ubuyu, na chai isubiri hadi chakula kitulie.

Kwa mfugaji, kazi ni kuhakikisha maziwa hayakauki kiangazi. Shinyanga inajua ngitili. Mradi wa HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulifufua malisho hayo ya akiba na kupata tuzo ya kimataifa ya Equator mwaka 2002. Ng'ombe wawili wa maziwa wakitengewa ngitili, mabua ya mtama na mashudu ya pamba, watalisha nyumba vizuri kuliko kundi kubwa linalozunguka na njaa.

Kwa mkulima wa dengu na choroko, somo ni la mwaka 2017, India ilipobana uagizaji wa mbaazi na bei ikaporomoka nchini kote. Zao linalosubiri mnunuzi wa ng'ambo pekee huweza kumwacha mkulima na magunia. Mama lishe wa stendi ya Tinde wakiweka dengu na mtindi kando ya nyama choma, dereva aliyekatazwa nyama atapata pa kula, na mkulima atapata soko lisilohitaji meli.

Yote hayo yanaanzia zizini asubuhi. Kabla dumu halijafungwa kwenye baiskeli, kikombe cha mtoto kijazwe kwanza.