SHERIA YA FATAKI HAITOSHI BILA ASKARI NA BILA WALEZI

Kila mwaka, usiku wa tarehe 31 Oktoba, watu wa Ireland huadhimisha sikukuu yao ya kale iitwayo Samhain, ambayo dunia imezoea kuiita Halloween. Watoto huvaa vinyago wakapita nyumba kwa nyumba kuomba matunda na peremende, na mioto mikubwa huwashwa. Mila ya watu ni mali yao, nasi hatuna neno nayo. Neno letu leo ni juu ya fataki.

Siku hizi, majuma kadhaa kabla ya sikukuu hiyo, fataki huanza kulipuliwa mitaani Dublin na katika miji mingine. Wazee hawapati usingizi. Mbwa na farasi hupagawa. Watoto huungua mikono na macho. Wako hata vijana wanaowarushia fataki askari na wazima moto, watu wale wale waliokuja kuokoa nyumba za mama zao. Mtu asituambie kuwa huo ni mchezo.

Je, sheria haipo? Ipo, tena kali. Sheria ya Baruti ilitungwa na Bunge la London mwaka 1875. Ireland ilijipatia serikali yake mwaka 1922, lakini sheria ile ya mtawala ingali inatumika hadi leo, ikiwa imerekebishwa na kuongezewa ukali mwaka 2006. Mwenye kumrushia mtu fataki iliyowashwa, au mwenye kuweka fataki bila leseni kwa nia ya kuziuza, aweza kutozwa faini hadi Euro 10,000 au kufungwa hadi miaka 5. Raia wa kawaida aruhusiwa vile vijifataki vidogo kabisa tu. Fataki kubwa hupewa leseni wataalamu wa maonyesho, wala si mtu mwingine.

Basi zatoka wapi? Nyingi zavuka mpaka. Ireland ya Kaskazini, iliyo chini ya Uingereza, ina sheria yake nyingine, na huko mtu mzima mwenye leseni aweza kununua fataki dukani. Mpaka ule hauna kizuizi, magari hupita mchana na usiku. Mchuuzi hujaza gari lake, akavuka, akawauzia watoto wa makabwela kwa faida. Mtoto huungua, mchuuzi huhesabu fedha.

Polisi wa Ireland, waitwao Garda, hufanya msako wa fataki kila mwaka na kuupa jina la Operesheni Tombola. Hukamata mizigo, nasi twawapongeza. Lakini askari wenyewe ni wangapi? Baada ya mabenki kuanguka, Serikali ilisimamisha kuandikisha askari wapya tangu mwaka 2009 mpaka 2014. Baadaye ikaahidi kuwa watafika 15,000. Mwisho wa mwaka 2023 walikuwa bado takriban 14,000, katika nchi ambayo hesabu ya mwaka 2022 ilionyesha ina watu zaidi ya milioni 5. Na usiku wa Samhain kila mtaa huita polisi kwa saa ile ile.

Hapa ndipo penye shina la jambo. Askari wachache wakitumwa gizani, ni nani atakayekamatwa kwanza? Si mwenye gari la mizigo, kwani yeye alikwisha kuuza na kuondoka zamani. Atakamatwa mtoto wa miaka 14 mwenye fataki moja mfukoni. Sheria iliyokusudiwa kumnasa papa itarudi na dagaa, kisha wakubwa watasema kazi imefanyika.

Nchi hiyo hiyo, hata hivyo, ina jambo jema la kutufundisha. Tangu mwaka 1963 polisi wake wana mpango wa kuwaepusha vijana na mahakama, nao ulitiwa nguvu na Sheria ya Watoto ya mwaka 2001. Kijana wa chini ya miaka 18 akikosa na kukiri kosa lake, hapelekwi mbio kortini. Huitwa pamoja na mzazi wake, akapewa onyo. Aweza kuwekwa chini ya uangalizi wa askari maalumu wa vijana, na aweza kukutanishwa na yule aliyemdhuru, amtazame usoni na kumwomba radhi. Mitaani imo mipango zaidi ya 100 inayowachukua vijana hao na kuwapa shughuli, mafunzo na watu wazima wa kuwashika mkono.

Wako wanaosema huko ni kuwadekeza. Sisi hatukubali. Asiyekiri kosa lake, au aliyetenda kosa zito, mahakama ingali yamngoja. Lakini kijana aliyetiwa gerezani kwa upuuzi wa usiku mmoja hutoka na doa la maisha, akakosa kazi, akarudi mtaani kuwa mwalimu wa wadogo zake. Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Hawakusema mvunje.

Walakini mpango huo nao wataka watu na fedha. Askari wakipungua, ni rahisi kumwondoa yule wa vijana na kumtuma doria. Bajeti ikibana, ni rahisi kuifunga klabu ya mtaa kwa kuwa haina wa kuitetea. Hapo sheria ya ukali hubaki bila mkono, na sheria ya huruma hubaki bila moyo.

Msomaji atauliza: ya Dublin yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Sisi pia tulirithi sheria zilizoandikwa London. Dar es Salaam, kila Mwaka Mpya ukikaribia, polisi huonya juu ya kulipua fataki bila kibali na kuchoma matairi barabarani. Kenya ilitunga Sheria ya Watoto mwaka 2022, ikapandisha umri wa kuweza kushtakiwa kutoka miaka 8 hadi 12, ikaweka njia ya kumwepusha mtoto na mahakama. Maandishi ni mazuri. Lakini maandishi hayatembei mtaani usiku.

Kwa hiyo twasema mambo matatu, kwa Ireland na kwetu pia. Kwanza, nguvu ya polisi ielekezwe kwa muuzaji na njia zake, tena mapema, si usiku wa sikukuu wakati mzigo umekwisha kugawanywa. Pili, askari wa vijana abaki na vijana mwaka mzima, awajue kwa majina na awajue wazazi wao. Tatu, kila Mbunge anayenyosha mkono kupitisha adhabu mpya aulizwe papo hapo: fungu la fedha la kuitekeleza liko wapi?

Wananchi, adhabu kali haimgharimu kitu mwenye kuitangaza. Askari na mlezi wagharimu fedha. Tusiwakubalie wanaotupa la kwanza na kutunyima la pili, kwa maana anayelipa tofauti hiyo ni mtoto wa kabwela.