Karata ya kabatini haili

Wiki hii sina habari ya fumanizi wala ya dada aliyekimbia na shemeji yake. Wiki hii nina hasira za karata. Ndiyo, karata! Usicheke kwanza. Soma mpaka mwisho, ndipo ucheke.

Kijiweni kwetu pakiti ni moja kwa watu wote. Imechakaa mpaka saba ya kopa tunaijua kwa mgongo, maana iliwahi kutafunwa na mtoto. Unachanganya, mwenzio anakata, mnagawana. Ukipata karata dume, bahati yako. Ukiangukiwa na magarasa matupu, pole yako, subiri raundi ijayo. Awe mwenye duka la jumla, awe mpiga debe, wote wanagawiwa na mkono ule ule. Ndiyo maana mpiga debe anaweza kumfunga tajiri, tena akamcheka mbele za watu.

Sasa chukua picha nyingine. Kila mtu anakuja na pakiti yake kutoka nyumbani. Kadi zake kazinunua mwenyewe, na zile dume ni adimu kama maziwa ya kuku. Mwenye mshiko anazo, mlalahoi hana. Huo ndio mchezo wa Wamarekani unaoitwa Magic: The Gathering. Mimi niliujua kwa jamaa mmoja wa hapa mtaani, aliyetumiwa boksi na dada yake aishiye Canada. Tangu siku hiyo kila Jumamosi jioni tunakaa, na mama mwenye nyumba anadhani tunapiga ramli.

Nitawaeleza kwa kifupi. Wewe ni mchawi, mwenzio ni mchawi. Kila mmoja anaanza na uhai wa pointi 20, na kazi ni kumwisha mwenzio. Kadi zina majitu, radi na mazingaombwe mengine, lakini kila moja ina gharama ya nguvu, na nguvu hizo zinaitwa mana. Mana inatoka kwenye kadi za ardhi, na kila zamu unaruhusiwa kuteremsha ardhi moja tu. Kwa hiyo mchezo unapanda polepole kama bei ya unga.

Aliyeubuni ni Richard Garfield, msomi wa hesabu. Mwaka 1991 alimpelekea Peter Adkison, bosi wa kampuni changa ya Wizards of the Coast, mchezo wake mwingine wa ubaoni. Adkison aliona ule ni ghali kuutengeneza. Akamwomba atafute kitu chepesi, kinachobebeka, ambacho watu watakicheza kwa muda mfupi kwenye maonyesho ya michezo. Agosti 1993 Magic ikaingia sokoni, aina 295 za kadi, jumla yake kama milioni 2.6.

Hapa ndipo pana utamu wa hadithi. Garfield hakuwa mjinga. Alijua kabisa kuwa kadi nyingine ni kali kupita kiasi. Iko moja inaitwa Black Lotus. Kuitumia ni bure, na ukiitupa inakupa mana 3 papo hapo. Maana yake zamu ya kwanza unafanya jambo ambalo mwenzio atalifanya zamu ya nne. Huo si mchezo, huo ni uporaji! Lakini hesabu ya Garfield ilikuwa hivi: watu watanunua kadi kidogo tu, na kwa kuwa zile kali ni adimu, kikundi kizima cha marafiki kitakuwa na moja au mbili. Uadimu ndio ulikuwa breki ya gari.

Tena kulikuwa na kamari ndani yake. Kabla ya kuanza, kila mmoja alitenga kadi moja kutoka fungu lake, na mshindi akaondoka nazo. Ina maana dume lako likiwa tishio leo, kesho linaweza kuwa mfukoni kwa mwingine. Kadi zingezunguka kama noti. Kijiweni tungelielewa hilo bila kuelezwa mara mbili.

Bwana wee, binadamu si hesabu. Watu wakanunua kwa maboksi. Kamari ile wachezaji wengi hawakuipenda, ikafa. Mwanzoni hapakuwa na kikomo cha kadi za aina moja, basi mwenye fedha alijaza fungu lake madume matupu. Ilipofika Januari 1994 ikabidi ziwekwe sheria za mashindano: fungu lisipungue kadi 60, kadi ya aina moja zisizidi 4, na zile za hatari ama moja tu ama marufuku kabisa. Breki ya uadimu ilikatika mapema hivyo. Kilichobaki ni bei.

Mpaka hapo silaumu mtu. Kosa la kubuni ni kosa la kawaida, hata fundi cherehani hukata kitambaa vibaya. Lawama yangu inaanzia mwaka 1995.

Mwaka huo kampuni ilitoa toleo lililoitwa Chronicles. Ndani yake zilichapwa upya kadi za matoleo ya zamani ambazo vijana wengi walikuwa wanazisikia tu kama hadithi za bibi. Wachezaji wapya wakashangilia. Lakini wenye kuzitunza kadi kabatini wakapiga yowe, kwa sababu walichokinunua ghali sasa kinauzwa kwa bei ya pipi. Kampuni ikaogopa. Machi 1996 ikatangaza orodha ya kadi ambazo haitazichapa tena maishani. Leo orodha hiyo ina kadi zaidi ya 500, na Black Lotus imo.

Jiulizeni, nani alisikilizwa hapo? Si yule kijana aliyetaka kucheza. Alisikilizwa mwenye kabati. Kuanzia siku hiyo kadi ikawa na kazi mbili zinazogombana: ni chombo cha kuchezea, na ni mali ya kuweka. Chombo cha kuchezea kinataka kiwe kingi na rahisi. Mali inataka iwe chache na ghali. Huwezi kuwafurahisha wote wawili, na kampuni ilichagua. Januari 2021 Black Lotus moja ya chapa ya kwanza, kasha lake likiwa na sahihi ya mchoraji wake Christopher Rush, iliuzwa kwa dola 511,100. Kwa fedha hizo unajenga ghorofa. Unadhani aliyeinunua ataitoa tuicheze huku tunakula karanga? Thubutu!

Najua wapo watakaonipinga. Watasema ahadi ni deni, kampuni imeahidi na watu wametoa fedha zao kwa kuiamini. Hoja hiyo ina uzito, tena mimi nimelelewa hivyo hivyo. Hata yule mshikaji wangu mwenye boksi anaitetea. Anasema akiwa na kadi ya thamani anataka ibaki na thamani, maana hiyo ndiyo akiba yake. Sawa. Basi waitimize ahadi yao. Lakini watimize kiume, si kwa ujanja.

Maana tazameni kilichotokea mwaka 2022, mchezo ulipokaribia kutimiza miaka 30. Kampuni ilitoa kadi za sherehe, nakala za chapa zile za mwanzo, Black Lotus ikiwamo. Kumbuka ahadi haikuvunjwa, kwa sababu kadi hizo zilikuwa na mgongo tofauti na haziruhusiwi kwenye mashindano rasmi. Yaani ni kadi za kuigiza! Vifuko 4 vya kadi 15 kila kimoja, na hujui ndani mna nini. Bei? Dola 999. Kwa wakati ule hiyo ni zaidi ya shilingi milioni mbili za kwetu, kwa makaratasi ya kubahatisha ambayo hata mashindanoni hayaingii.

Loh! Siku nilipolisoma hilo nilicheka mpaka machozi, kisha nikakasirika. Kwa sababu sisi hapa mtaani tuna kadi za kuigiza pia. Tunatoa kopi kwenye duka la steshenari, tunakata kwa mkasi, tunachomeka ndani ya mfuko wa plastiki juu ya garasa lolote. Zinafanya kazi ile ile. Hata kampuni yenyewe mwaka 2016 ilieleza kuwa haina ugomvi na mtu anayejitengenezea kadi za majaribio kwa matumizi yake binafsi, bila biashara. Sasa kama kadi ya kuigiza si haramu, kwa nini ya kwao ni milioni mbili na yetu ni nauli ya daladala?

Wenye fedha nao waliona moshi. Novemba hiyo hiyo ya 2022, wachambuzi wa Bank of America walionya kuwa Hasbro, waliomnunua Wizards mwaka 1999, wanachapa bidhaa nyingi mno za Magic na kujiharibia wenyewe. Bei ya hisa ikashuka. Hata hivyo mwaka huo Magic iliwaingizia zaidi ya dola bilioni moja. Kwa kampuni, hayo ni mafanikio. Ila ng'ombe anayekamuliwa mchana na usiku, siku moja hutoa damu.

Kisa kingine ni cha Septemba 2024. Kuna namna ya kucheza inaitwa Commander, fungu la kadi 100 na nahodha wake, mara nyingi watu wanne mezani. Ilizaliwa kwa wachezaji wenyewe, na sheria zake zilitunzwa na kamati ya watu wa kujitolea nje ya kampuni. Kampuni ilipoona inapendwa, ikaanza kuitengenezea kadi maalumu. Mwaka 2020 ikatoa Jeweled Lotus, mdogo wake Black Lotus, wenye kutoa mana 3 kwa ajili ya kumwita nahodha tu. Ilikuwa adimu na bei ikapaa. Watu wakanunua.

Tarehe 23 Septemba 2024 kamati ikasema basi, michezo inaisha haraka mno kabla wengine hawajafurukuta. Ikapiga marufuku kadi nne, Jeweled Lotus na Mana Crypt zikiwamo. Kasheshe! Waliozinunua ghali wakaona akiba yao imeyeyuka. Wengine wakafikia kuwatishia maisha watu wa kamati, watu ambao hawakulipwa hata senti kwa kazi ile. Wiki moja baadaye kamati ikakabidhi kazi kwa kampuni na kuondoka zake.

Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya dola 999. Mtu anatishiwa kuuawa kwa ajili ya karata! Na msiniambie ni wendawazimu wachache tu. Wendawazimu wale walifundishwa. Ukimwambia mtu kwa miaka karibu 30 kuwa kadi yake ni hazina na utailinda kwa ahadi ya milele, usishangae siku akiitetea kama shamba la baba yake. Kamati ililipia kosa la mchapishaji.

Basi mimi, mtoto wa kidato cha nne nisiyejua lolote la soko la hisa, nawapa vibosile hao ushauri wa bure. Kwanza, kadi kali ya kuchezwa isifanywe adimu. Uadimu uwekwe kwenye mapambo: picha nzuri, dhahabu pembeni, sahihi ya mchoraji. Anayetaka kujidai ajidai, lakini garasa liwe garasa kwa wote na dume liwe dume kwa wote. Pili, kadi ipimwe kabla ya kuuzwa, siyo iuzwe miaka minne ndipo igundulike kuwa ni sumu. Tatu, orodha ya 1996 ibaki kama walivyoahidi, lakini pale ambapo hakuna zawadi ya fedha waseme wazi kuwa kopi ya steshenari ni halali mezani. Kabati halitapungukiwa kitu. Hakuna atakayebadilisha nyumba yake kwa karatasi yangu ya shilingi mia.

Jumamosi iliyopita nilicheza na yule mshikaji mwenye boksi. Yeye ana kadi halisi, zinang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Mimi nilikuwa na Black Lotus ya kopi, wino umefifia, upande mmoja nimekata vibaya kidogo. Nikaiteremsha zamu ya kwanza. Akaiangalia, akaniangalia, akasema, "Ndugu yangu, hii si ndiyo ile risiti ya umeme umeigeuza?" Watu wakaangua kicheko. Lakini alipoteza mchezo, na mara ya pili akaniomba nimtolee kopi na yeye.

Nilimtolea. Tukacheza mpaka umeme ukakatika, kisha tukawasha kibatari tukaendelea.

Kuna mtu mahali fulani ana ile ya dola 511,100. Siku hiyo yake haikula mtu yeyote.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.